Barua ya wazi kwa Mfamasia Mkuu wa Serikali: kibahasha cha dawa ya moyo kiseme zaidi ya "1x1"

Ndugu Mfamasia Mkuu,

Naandika kuhusu kile kibahasha anachokabidhiwa mgonjwa dirishani. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha na kisukari. Kila siku ya kliniki wagonjwa wananimwagia dawa zao mezani ili nizitambue. Kibahasha kimeandikwa kwa kalamu "1x1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, basi. Pengine jina la dawa lilikuwepo, likafutika kwa jasho la kiganja. Ndani kuna vidonge vyeupe vya duara, na mwenyewe anaviita "vile vya presha".

Kwa dawa nyingi hiyo ni kero tu. Kwa beta bloka, zile dawa za kupunguza mapigo ya moyo na presha, yaani atenolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol, metoprolol na wenzao, ni hatari, na naomba ofisi yako iishughulikie.

Sisemi haya kuwatisha watu waziogope. Propranolol ilianza kutumika miaka ya 1960, na James Black aliyeigundua alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Nimeona watu walioambiwa moyo umetanuka, wasioweza kupanda hata ngazi tatu, wakirudi shambani baada ya kutibiwa kwa dawa hizi pamoja na nyingine. Ni dawa njema. Ila zina masharti, na masharti hayo mgonjwa haambiwi, au anaambiwa harakaharaka kwenye foleni akiwa na mawazo ya nauli ya kurudi nyumbani.

Sharti la kwanza ni kutoziacha ghafla. Adrenalini ndiyo inayoukimbiza moyo, na beta bloka huifungia milango. Mwili ukiona milango imefungwa kwa muda mrefu, hufungua mingine mipya. Siku mtu anapoacha dawa kwa mkupuo, ya zamani na mipya yote iko wazi: mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kubanwa kifua au kupata shambulio la moyo. Ndiyo maana daktari akitaka kumwachisha mtu, hupunguza dozi kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili au zaidi.

Sasa watu wanaachaje? Wanaacha kwa sababu nzuri kabisa machoni pao. Presha imepimwa ikakutwa sawa, basi "nikapumzika kidogo". Umetokea msiba kijijini, mtu akapanda basi usiku na dawa zikabaki kabatini. Wengine wanadunduliza, leo anameza, kesho anaruka, ili kibahasha kifike mwisho wa mwezi. Mama mmoja aliletwa kwetu kifua kimembana, mapigo hayahesabiki. Alikuwa ameacha atenolol tangu dirisha la dawa lilipomwambia "hakuna, kanunue nje", na fedha ya kununua nje hakuwa nayo. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo si dawa ya kusubiri mgawo mwingine. Hapo simlaumu mama hata chembe.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili. Beta bloka zinapokwisha kwenye kituo, mgonjwa asiondoke mikono mitupu. Arudishwe kwa daktari siku hiyo hiyo abadilishiwe dawa, na ambadilishie daktari, siyo dirisha, kwa sababu dawa hizi hazibadilishwi kidonge kwa kidonge. Na maombi ya kituo yanapofika Bohari ya Dawa, dawa hizi zihesabiwe miongoni mwa zile zisizoruhusiwa kukatika.

Ombi la pili ni maandishi. Chukua carvedilol. Mwenye moyo uliochoka, usiosukuma damu vizuri, huanzishwa miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, na dozi huongezwa polepole, si chini ya wiki mbili kila hatua. Lakini vipo pia vidonge vya miligramu 25. Kibahasha kikiwa na jina tu bila nguvu ya dawa, mgonjwa akaenda duka jingine, anaweza kupewa kidonge chenye dozi mara 8 ya aliyoanzishwa. Atainuka kitandani aanguke. Naomba kila kibahasha kiwe na jina la dawa, miligramu zake na sentensi hizi za Kiswahili, zimechapwa, si kwa kalamu: "Usiache dawa hii ghafla. Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja. Ukiishiwa pumzi, ukizimia au mapigo yakishuka chini ya 50 kwa dakika, wahi kituo cha afya."

Mapigo mtu anaweza kuyahesabu mwenyewe. Tunawafundisha hapa kwetu: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, saa ya simu mbele yako, dakika nzima. Wazee wanajifunza mara moja.

La tatu ni maswali mawili ya lazima kabla dawa haijatoka, iwe hospitali au famasi. "Una pumu?" Propranolol inaweza kubana njia ya hewa ya mwenye pumu mpaka ashindwe kupumua, na hata zile zinazolenga moyo zaidi zinahitaji tahadhari. "Una kisukari?" Sukari ikishuka, mtu huijua kwa kutetemeka na moyo kwenda mbio, na dalili hizo ndizo beta bloka huzificha. Inabaki jasho. Anayechoma insulini asipoambiwa kwamba jasho la ghafla ndiyo kengele yake, atazimia akidhani ni joto la Dar es Salaam.

Na Ramadhani haiko mbali na suala hili. Kila mwaka wapo wanaofunga na kuacha vidonge mwezi mzima, wakati dawa ya mara moja kwa siku aghalabu inaweza kuhamishiwa futari, na ya mara mbili ikagawanywa futari na daku, baada ya kuzungumza na daktari. Tangazo moja la ofisi yako mwezi wa Shaabani, lisomwe misikitini na redioni, lingewafikia wengi ambao mimi siwafikii.

Haya hayahitaji mashine wala jengo. Yanahitaji mwongozo wenye sahihi yako, vibahasha vilivyochapwa, na Baraza la Famasi kukagua kama vinatumika. Naomba kujua, kwa tangazo la wazi, ofisi yako itaanza na lipi na lini.

Wako katika kazi,
Muuguzi, kliniki ya presha na kisukari