Mbele ya jaji, acheni kusema "niko poa"

Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie wasomaji wako ambao wao wenyewe au ndugu zao waliwahi kuvaa sare za jeshi la Marekani. Si wachache. Kuna walioingia wakiwa na kadi ya kijani, na wengine kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha jeshini wageni wasio na kadi hiyo, uliotangazwa mwaka 2008, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Leo wengi wametoka jeshini magoti yamechoka, masikio yanavuma, na madai yao ya fidia ya ulemavu yamekataliwa na Idara ya Maveterani, yaani VA.

Akishakataliwa, mtu hukimbilia kuomba asikilizwe na jaji wa Bodi ya Rufaa za Maveterani. Ni haki yake, mradi fomu namba 10182 ifike ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Ila foleni ya kusikilizwa ni ndefu. Kama ushahidi wote umo tayari kwenye faili, jaji anaweza kuusoma na kuamua bila kukuona.

Kinachowaangusha watu wetu, kwa maoni yangu, ni malezi. Tumekuzwa tukiambiwa mwanamume hadeki. Ukiulizwa hali, jibu ni "nzuri tu", hata kama umeingia ukichechemea. Daktari wa VA huliandika jibu hilo lilivyo, na miaka ikipita jaji analikuta humo. Siku ya kusikilizwa, ambayo siku hizi mara nyingi hufanyika kwa video ukiwa kwako, hakuna wakili wa serikali wa kukubana. Yupo jaji, yupo mwakilishi wako, na umekula kiapo. Basi sema! Habari za medali ziache, na karani aliyekunyima usimseme. Eleza mgongo hukulaza mara ngapi kwa mwezi, unapanda ngazi ngapi kabla ya kusimama, kazi gani ulilazimika kuiacha. Siku mbaya zitaje kama zilivyo, bila chumvi, maana faili iko mbele yake.

Kabla ya hapo, isome barua ya kukataliwa mpaka uielewe. Yanatakiwa mambo matatu: ugonjwa ulio nao leo, kilichotokea jeshini, na kinachoyaunganisha hayo mawili. Barua husema lipi limekosekana. Mara nyingi ni hilo la tatu, na hapo ufasaha wa mdomo haufui dafu. Wewe ni shahidi halali wa masikio yako yanayovuma. Lakini kwamba goti la leo liliharibiwa na kuruka kwa parachuti, hilo linahitaji daktari aandike, na atoe sababu, kuwa uwezekano wake ni angalau nusu kwa nusu. Ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria humpa askari. Waliotumikia Iraki, Somalia au Djibouti waitazame kwanza sheria ya PACT ya 2022, ya maveterani waliokumbana na moshi na sumu kazini: kwa magonjwa kadhaa yaliyoorodheshwa, ikiwamo pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, uhusiano huo huchukuliwa kuwa upo.

Na wale wa makundi ya WhatsApp wanaouza ahadi ya kupewa ulemavu wa asilimia mia moja, waepukeni. Mashirika kama Disabled American Veterans huwakilisha bure, na wakili wa kulipwa lazima awe na kibali cha VA.

La mwisho ni la walioko nyumbani, Mombasa hadi Kigoma. Mama au mke aliyemjua mtu huyu kabla hajaenda vitani, kisha akamwona likizo akizunguka nyumba usiku kucha kukagua milango, naye ni shahidi. Aandike alichokiona kwa macho yake, atie sahihi na tarehe, na tafsiri ya Kiingereza iambatanishwe. Maelezo hayo hupokelewa siku ya kusikilizwa au ndani ya siku 90 zinazofuata. Yakifika baada ya hapo, jaji hayazingatii.

Askari mstaafu,
Minnesota, Marekani