Watoto wanaoenda kusoma Marekani waelezwe mapema kuhusu udhamini wa viza

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu ambao watoto wao wanasoma Marekani, au wanajiandaa kwenda, wakiwa na matumaini ya kuajiriwa huko na kampuni za ushauri wa kibiashara. Katika fomu za maombi ya kazi kuna swali ambalo nyumbani kwetu tulilielewa tukiwa tumechelewa: je, utahitaji mwajiri akudhamini viza, yaani akuombee viza ya kazi, sasa au wakati wowote ujao?

Mwanangu wa kwanza alihitimu shahada ya uchumi Mei 2024. Karo ililipwa na ufadhili wa masomo, na nauli tuliichanga kwa harambee hapa Mombasa. Kampuni za ushauri huajiri mapema sana, mara nyingi mwaka mzima kabla ya mhitimu kuripoti kazini, kwa hiyo alianza kutuma maombi hata kabla hajaingia mwaka wa mwisho. Kampuni moja ilimhoji mara tatu, ikampa matatizo ya biashara ayachambue papo hapo mbele ya wahojaji, naye akafaulu kila hatua. Kisha akapigiwa simu na kuulizwa nambari ya kozi yake. Alipoitaja, aliambiwa kwa upole kwamba hawataendelea naye.

Nambari hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nchini Marekani kila kozi ina nambari rasmi ya tarakimu sita, nayo huandikwa katika waraka wa I-20 ambao chuo humpa mwanafunzi kabla hajaenda ubalozini kuomba viza. Uchumi wa kawaida ni 45.0601, na uchumi unaoegemea hesabu na takwimu ni 45.0603. Mwenye nambari ya kwanza huruhusiwa kufanya kazi kwa miezi 12 baada ya kuhitimu. Mwenye nambari ya pili, kwa kuwa kozi yake huhesabiwa miongoni mwa kozi za sayansi, anaweza kuongezewa miezi 24, ikawa miaka mitatu. Vyuo vingi vimekwisha kuhamishia idara zao za uchumi kwenye nambari ya pili. Chuo cha mwanangu hakikuwa kimefanya hivyo, ingawa alichosoma hakikutofautiana sana na alichosoma rafiki yake, binti wa Kisumu aliyekuwa chuo kingine. Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amebakiza masomo matatu tu ya hisabati ili apate shahada ya pili ya hisabati sambamba na ile ya uchumi, na hisabati imo katika orodha hiyo ya sayansi. Hakuna aliyemwambia.

Mwajiri naye ana hesabu zake, na simlaumu kwa kuzipiga. Viza ya kazi ya H-1B ina kikomo cha 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 kwa wenye shahada za juu kutoka vyuo vya Marekani. Waombaji huzidi idadi hiyo kwa mbali, hata wakalazimika kuchaguliwa kwa bahati nasibu kila Machi. Machi 2025 maombi yaliyokubaliwa kuingia yalikuwa takriban 344,000, na yaliyochaguliwa takriban 120,000. Mhitimu mwenye miezi 12 kwa kawaida huwahi bahati nasibu moja tu, ilhali mwenye miaka mitatu huweza kuingia mara tatu. Kampuni inayotumia miezi mingi kumnoa mgeni kabla ya kumkabidhi mteja haitaki kumpoteza mara tu anapoanza kuiva, na sheria ya huko inairuhusu kukataa kumdhamini.

Mwanangu alipata kazi katika ofisi ndogo ya utafiti, ambayo ilikubali kumwombea. Machi 2025 yeye hakuchaguliwa, na yule binti wa Kisumu pia hakuchaguliwa. Mwanangu alimaliza muda wake Julai, akapewa siku 60 za kufungasha, akarudi nyumbani. Binti aliendelea na kazi yake, kwa sababu bado alikuwa na bahati nasibu mbili mbele yake.

Mnamo Septemba 19, 2025, Rais Donald Trump alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Mwezi uliofuata mamlaka za uhamiaji zilieleza kwamba mwanafunzi aliyeko Marekani tayari, anayebadilisha tu aina ya kibali, hahusiki. Wazazi wengi wamesikia tangazo la kwanza bila kusikia ufafanuzi. Lakini mwanangu yuko nje ya Marekani sasa, na mwajiri atakayetaka kumrudisha kwa njia hiyo ataangukiwa na gharama hiyo.

Nimewasikia watu wakiwashauri vijana wajibu "hapana" katika lile swali la fomu, kwa kuwa mwaka wa kwanza hauhitaji mdhamini. Nawasihi wasifanye hivyo. Swali linataja pia wakati ujao, na mhitimu akigunduliwa baadaye atapoteza kazi pamoja na jina lake zuri.

Mawakala wa vyuo vya ng'ambo wanaokodi kumbi za hoteli Nairobi na Mombasa, pamoja na walimu wanaowaongoza watahiniwa wa KCSE kuchagua vyuo, waitaje nambari ya kozi sawa na wanavyotaja karo. Waliokwisha kufika huko wakague I-20 zao leo, kwa maana mwanafunzi anaweza kubadilisha kozi kabla ya kuhitimu, na akishahitimu ni vigumu kurekebisha. Wanaohojiwa waulize pia kama kampuni imesajiliwa katika E-Verify, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuhakiki kama mtu ana ruhusa ya kufanya kazi huko, kwa sababu bila usajili huo ile miezi 24 ya nyongeza haipatikani.

Mdogo wa mwanangu huyo anaomba vyuo mwaka huu, naye pia anataka uchumi. Tumeviandikia vyuo vitano kuuliza nambari. Vitatu vimejibu, viwili kati yake kwa 45.0603. Hivyo viwili vingine bado tunavisubiri, na hatutalipa ada yoyote ya maombi kwao kabla hawajatujibu.

Mzazi,
Mombasa