Hamisi, nimeisikia mazurka nyumbani kwao

Buruburu, Nairobi
Jumapili, 2 Novemba 2025

Ndugu yangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua ya vuli haijawasahau huko Msambweni. Sisi hapa hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mpaka leo anakuita "yule kijana wa muhogo".

Uliniambia kwenye simu nisikusimulie safari vipande vipande, nitulie niandike. Leo nimetulia. Watoto wako kwa shangazi yao, chai iko mezani, madaftari ya kusahihisha nimeyasukuma kando.

Hamisi, nimefika Warsaw, Poland. Yale mashindano ya piano ya Chopin, mtunzi wa muziki wa huko, tuliyosoma habari zake chuoni, katika kile kitabu cha maktaba kisicho na jalada, nimeketi ndani ya ukumbi wake nikayasikia kwa masikio haya. Unakumbuka tulivyoshangaa kwamba hufanyika kila baada ya miaka mitano, na kwamba mshindani haruhusiwi kupiga nota hata moja isiyoandikwa na Chopin? Yalianza 1927. Ndio mwaka ambao Tamasha letu la Muziki la Kenya lilianza pia. Niliwaza jambo hilo ndani ya ndege, kupitia Istanbul, usiku kucha.

Mwende, mdogo wangu anayesoma huko, ndiye aliyehangaikia tiketi. Za fainali zilikwisha kitambo. Alichopata ni vikao viwili vya raundi ya tatu, kimoja tarehe 15 Oktoba na kingine tarehe 16. Nikamwambia vinatosha. Akiba ya chama iliyobaki nikaitia kwenye nauli, na sijutii hata shilingi moja.

Sasa, asubuhi ya tarehe 15. Wewe unajua ilikuwa asubuhi gani. Tulikuwa tunavaa viatu, simu zikaanza kulia zote mbili kwa pamoja. Raila ametutoka, huko India. Mwende alikaa chini kwenye korido, kiatu kimoja mguuni. Mimi nilitaka kurudi kitandani nijifunike. Baada ya muda ni yeye aliyesema, "Kaka, twende. Hapa ndani tutafanya nini?" Kwa hiyo niliingia ukumbini nikiwa na msiba, na nadhani hiyo ni sababu moja iliyonifanya nisikie nilivyosikia.

Kwanza unavua koti. Kila mtu huacha koti lake kwa akina mama wa pale mlangoni, unapewa kibandiko chenye namba. Ukumbi ni wa Filharmonia, okestra ya taifa lao, viti elfu moja na kidogo. Jengo la kwanza lilibomolewa wakati wa vita, hili lililopo lilifunguliwa 1955. Majaji hukaa roshani ya juu, na mwaka huu mwenyekiti wao alikuwa Garrick Ohlsson, Mmarekani aliyeshinda mwaka 1970. Saa nne kamili milango ikafungwa. Ule ukimya, ndugu yangu! Bibi mmoja mzee kiti cha mbele yangu alikuwa na daftari la nota limechakaa kama Kurani ya babu yako, na kabla mshindani hajagusa piano, bibi alikuwa ameshaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

Piano nazo zina habari yake. Kampuni tano zilileta zao: Steinway, Yamaha, Kawai, Fazioli na Bechstein. Mshindani hupewa robo saa tu kuzijaribu na kuchagua moja, na ndiyo atakayokwenda nayo. Akitoka mmoja, wanaume waliovaa nguo nyeusi huisukuma piano yake pembeni na kuleta ya anayefuata, taratibu, kama watu waliobeba mgonjwa. Wakati wa mapumziko fundi huja na ufunguo wake, huinama, hupiga nota moja mara kumi, mara ishirini, sikio karibu na nyuzi. Nilibaki kitini kumtazama badala ya kwenda kunywa kahawa. Nikaikumbuka piano yetu ya chuo, na kile kibao cha nota ya re kilichokuwa kikizama mvua ikinyesha, na wewe ukikiinua kwa kidole cha shahada katikati ya wimbo bila kupoteza mwendo.

Raundi ya tatu ndiyo ya mazurka. Kila mmoja lazima apige seti nzima, pamoja na sonata, utungo mrefu wenye sehemu kadhaa. Sonata zilikuwa kubwa, zilinitikisa, lakini sitakuandikia kuhusu sonata.

Mazurka ni ngoma ya mashambani, Hamisi. Ni ya Mazovia, nchi inayouzunguka mji wa Warsaw, na Chopin mwenyewe alizaliwa huko mwaka 1810, katika kijiji cha Żelazowa Wola. Kwenye karatasi ni mapigo matatu, moja mbili tatu, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuyahesabu. Shida ni kwamba ukiyahesabu hivyo, mazurka haipo. Pigo la kwanza hupita haraka, la pili hukawia kama mtu aliyegeuka kutazama nyuma, au la tatu ndilo hukanyagwa. Mpiga piano mmoja aitwaye Charles Hallé, aliyemjua Chopin mjini Paris, aliwahi kumwambia kwamba mazurka zake akizipiga mwenyewe husikika kama zina mapigo manne. Chopin akakataa kabisa. Hallé akamwomba apige, akahesabu kwa sauti, na yakatimia manne. Chopin akacheka, akasema hivyo ndivyo ngoma ya kwao ilivyo.

Wewe hapo umeshajua ninakokwenda. Unamkumbuka yule mwamuzi aliyesimama mbele ya ukumbi wote tulipopeleka sengenya, ngoma ya kwenu, chuo chetu cha Wakamba na Wakikuyu na wewe Mdigo peke yako? Alisifu mavazi, akasifu nzumari, kisha akasema, "Mpigaji wa chapuo anahesabu. Hachezi." Mpigaji mwenyewe wa chapuo, ile ngoma ndogo, alikuwa mimi. Usiku ule ulinikalisha nyuma ya bweni, ukanipigia pajani kwa kiganja, siyo mara moja wala mbili, ukinikataza kuhesabu. "Ngoja mguu," ulikuwa ukisema. "Mguu ukishuka, ndipo." Ilinichukua wiki tatu. Siku mkono wangu ulipokubali, uliruka juu ukaangusha taa.

Basi pale Warsaw akapanda kijana mmoja, mwembamba, akakaa, akatazama mikono yake kwa muda mrefu kuliko wenzake. Nilitamani apige ile yetu, mazurka ya Op. 17 namba 4, ile inayoanza na sauti tatu zisizojua ziende wapi na kuishia hivyo hivyo bila kutua. Hakuipiga. Alipiga seti nyingine. Lakini mkono wake wa kushoto, Hamisi, ulikuwa unangoja mguu! Niliona kabisa: kiganja kinainuka, kinabaki hewani kwa muda usioandikika, kisha kinashuka mahali ambapo mchezaji angekuwa ametua. Yule bibi wa mbele yangu aliacha kufuata nota. Alifunga daftari lake juu ya magoti. Ilipofika ya polepole nilianza kulia, na sikujua kama namlilia Baba Raila au nalia kwa sababu ya ule mkono, na Mwende akanishika kiwiko bila kunitazama.

Washindani wengine wa siku hizo mbili walikuwa hodari, na wengi walikuwa na vidole vya nguvu kuliko yeye. Nilisikia mapigo matatu safi, nikasikia pia watu waliokuwa wanakawiza pigo kwa sababu wamefundishwa likawizwe, na tofauti yake hujulikana mara moja. Kusikia watu kadhaa, siku moja, katika piano mbalimbali, wote wakihangaika na ngoma ile ile ya kijijini, ni shule ambayo sikuwahi kupata katika miaka yangu yote ya kufundisha.

Usiku wa tarehe 16 walitangaza waliofuzu, 11 kati ya 20. Tulikodolea macho simu ya Mwende jikoni. Jina la yule kijana halikuwemo.

Jambo hilo limenikaa. Na si kwamba nasema majaji walikosea. Kilichonichoma ni kwamba huko hakuna mwamuzi anayepanda jukwaani kueleza. Alama zinatolewa, majina yanasomwa, asiyetajwa anafunga sanduku lake. Sisi tulilelewa na mwamuzi anayesimama na karatasi zake na kumwambia kila mtu hapa umefanya vizuri, hapa mguu wako ulichelewa. Maneno matano ya yule mwamuzi wetu ndiyo yaliyonipeleka nyuma ya bweni kwako. Laiti ningejua lugha ya yule kijana ningemngoja mlangoni nimwambie tu kwamba bibi alifunga daftari.

Tarehe 17 hakukuwa na mashindano, maana ndiyo siku aliyofariki Chopin, mwaka 1849. Nilikwenda asubuhi katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu. Chopin aliondoka Warsaw mwaka 1830, akiwa na miaka 20, asirudi tena. Mwili wake uko Paris, katika makaburi ya Père Lachaise. Moyo wake, dada yake Ludwika aliuficha akapita nao mipakani mpaka nyumbani, na leo umo ndani ya nguzo ya kanisa hilo, upande wa kushoto. Pamechongwa aya ya Mathayo: hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako. Watu walikuwa wameweka maua. Mimi nilisimama pale na simu mkononi, sauti nimeizima, nikitazama uwanja wa Nyayo ukijaa watu waliokuja kumuaga Raila. Mwili wake ulikuwa umefika jana yake kutoka India. Sikuweza kuomba kwa maneno. Niliweka mkono kwenye lile jiwe baridi, basi.

Fainali niliitazama huku nyumbani, Sikukuu ya Mashujaa, baada ya watoto kulala, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Bando lilikwisha katikati ya koncheto, utungo wa piano pamoja na okestra, nikatoka kwenda kwa jirani kuomba nywila ya waifai yake. Matokeo yalitoka usiku wa manane. Alishinda Eric Lu, Mmarekani wa miaka 27. Miaka kumi iliyopita, mwaka 2015, alikuwa hapo hapo akiwa na miaka 17, akashika nafasi ya nne. Akaenda, akaishi, akarudi kuketi tena mbele ya majaji wa dunia.

Lakini kilichonifanya nisipate usingizi ni mwalimu wake. Miongoni mwa waliomfundisha ni Dang Thai Son wa Vietnam, na ndiye aliyemfundisha Bruce Liu pia, aliyeshinda mwaka 2021. Dang Thai Son alijifunza kwa mama yake, kijijini, walikohamishwa kukimbia mabomu ya Wamarekani, na piano yao ilivutwa na nyati mpaka huko. Mwaka 1980 akaja Warsaw akawa Mwasia wa kwanza kushinda. Ngoma ya Mazovia ikaingia katika mikono ya mtoto wa kijiji cha Vietnam, ikatoka hapo ikaenda kwa vijana wa Kanada na Marekani, na haikupotea njiani. Tunaambiwa kila mara kwamba mdundo wa watu haufundishiki kwa asiyezaliwa nao. Nimeamini sasa kwamba unafundishika, ila hauwezi kupita kwenye karatasi. Lazima kuwe na mtu na paja na kiganja.

Kabla shule hazijafungwa nikawajaribia wanafunzi wangu. Wako kumi na wanne wa muziki mwaka huu. Niliwachezea mazurka, nikawaambia wapige mapigo matatu mezani. Wote wakapiga, wote wakapotea. Binti mmoja wa nyuma, mpole, ambaye hajawahi kuinua mkono, aliacha kupiga akaanza kuyumba kidogo kitini, mabega tu. Nikamuuliza mbona hahesabu. Akasema, "Mwalimu, huyu anangoja kitu." Nikamuuliza anangoja nini. Akafikiri sana. Kengele ikalia kabla hajajibu.

Mimi siwezi kumfundisha hilo, Hamisi. Chapuo langu ni la kuazima kutoka kwako na mkono umeshaota kutu. Shule zimefungwa. Vuka Likoni, panda treni ya saa tisa, usiku huo huo uko Nairobi. Nauli nitakutumia kwa M-Pesa mapema. Chumba cha watoto kitakuwa chako, na mama ameshaulizia muhogo wa nazi. Njoo na lile chapuo dogo la babu yako, siyo la dukani. Nitamwomba mzazi wa yule binti amlete Jumamosi.

Msalimie sana shemeji, na umwambie zile picha za makanisa nitamletea Mwende akirudi.

Wako daima,
Mutua