Msizikate pambizo: chapa si nakala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niijibu makala mliyoichapisha kuhusu kupamba sebule kwa picha za kale za Biblia kutoka Uholanzi. Mwandishi aliziita "nakala za zamani", akawashauri wasomaji wanaoishi huku Ulaya wazinunue mnadani, kisha wazipunguze kwa mkasi zienee kwenye fremu za kawaida. Niliisoma nikiwa kazini, nikaisimamisha cherehani. Mimi ni fundi wa mapazia hapa Haarlem, na kwa miaka 11 nimekuwa nikizikusanya chapa hizo, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba, moja moja, kadiri mfuko unavyoruhusu. Ninazo 19. Ushauri ule ukifuatwa, kitaharibika kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha.

Nianze na hilo neno nakala, maana ndilo lililouzaa mkasi. Ukiwa na nakala ya cheti, cheti chenyewe kipo mahali. Je, chapa ya Hendrick Goltzius, mchongaji wa hapa Haarlem, cheti chake kiko wapi? Hakipo. Fundi alishika bamba la shaba, akalitia nakshi kwa patasi nyembamba ya chuma, picha ikiwa imegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Akashindilia wino kwenye mifereji, akaufuta uso wa bamba mpaka ukang'aa, akalaza juu yake karatasi iliyoloweshwa, akavipitisha vyote kati ya magogo mawili ya mashine. Karatasi iliyotoka ndiyo kazi yenyewe. Bamba lilikuwa chombo tu. Na karatasi hizo hazifanani. Shaba ni laini, huchakaa. Zilizotangulia kutoka zina wino mzito na mistari iliyokaza. Zilizofuata baadaye zimepauka kama kitambaa kilichofuliwa mno. Aliyezoea huweza kuzipanga kwa macho, ya mapema na ya mwisho.

Kweli, zipo zilizochongwa kufuata mchoro wa mtu mwingine, lakini mafundi wa zamani hawakulificha hilo. Waliandika kwa Kilatini pale chini: jina la aliyebuni likifuatwa na "invenit", la aliyechonga "sculpsit", la mchapishaji "excudit". Mara nyingi panakuwa na mashairi ya Kilatini pia. Maandishi hayo yako wapi? Yako kwenye ule ukanda wa chini ambao makala yenu inasema tuukate.

Huyo Goltzius alizaliwa 1558 na kufariki 1617, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi katika mji huu ninaoishi mimi. Mkono wake wa kulia uliungua motoni alipokuwa mtoto mchanga, mishipa ikashikana, akawa hawezi kuukunjua sawasawa. Ni mkono huohuo uliosukuma patasi. Mwaka 1588 aliuchora kwa kalamu na wino, vidole vimepinda, na mchoro huo unahifadhiwa hapa Haarlem katika Teylers Museum. Mimi ninayeishi kwa mikono yangu, mchoro ule siwezi kuutazama haraka.

Mwaka 1593 na 1594 alichonga mabamba sita ya maisha ya Bikira Maria, akayafanya kwa mitindo ya mabwana wengine. Mamajusi aliwachonga kwa namna ya Lucas van Leyden. Kutahiriwa kwa Bwana alikuchonga kwa namna ya Albrecht Dürer, Mjerumani aliyekwisha kufariki tangu 1528. Tukio akaliweka ndani ya kanisa la St. Bavo la hapa Haarlem, na nyuma ya watu akajichora mwenyewe, anatutazama. Karel van Mander, mchoraji na mwandishi aliyemfahamu vizuri, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1604 kwamba Goltzius aliunguza sehemu yenye sura yake na alama yake, akaziba tundu, akaifukiza karatasi moshi na kuikunjakunja ionekane ya kale. Wajuzi wakaipokea kwa shangwe na kuilipia vizuri, wakidhani ni kazi ya Dürer ambayo hawajapata kuiona. Naomba mwandishi wenu alifikirie jambo hili: Dürer hakuwahi kuchonga bamba lile. Goltzius hakunakili karatasi yoyote. Alijifunza mkono wa mtu mpaka akaweza kuunena kwa maneno mapya. Kama hiyo ni nakala, basi kila anayetunga shairi kwa bahari ya wazee ananakili.

Nina karatasi yake moja tu, na nimeweza kuinunua kwa kuwa ilikuwa na kasoro. Ni Kuzikwa kwa Yesu, mojawapo ya mabamba 12 ya Mateso aliyoyachonga kati ya 1596 na 1598. Ni ndogo, urefu wake haufiki sentimita 20. Ilichapwa baadaye, bamba likiwa limechoka, na mtu fulani, sijui wa karne ipi, ameshapitisha mkasi pande zote mpaka kwenye picha. Nimeitazama sanda kwa kioo cha kukuzia jioni nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Katika kazi yangu mkunjo wa kitambaa hauna siri: najua unapoanguka kwa uzito wake na unapovutwa. Goltzius naye alijua. Mstari unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa ukiingia kwenye kivuli cha mkunjo, unakonda tena ukirudi kwenye mwanga, wala patasi haijanyanyuliwa. Na ule weupe wa sanda si rangi. Ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa.

Hapo ndipo niliposhikwa. Karatasi ya enzi zile ilitengenezwa kwa matambara: mashuka, mashati na nguo za kitani zilizochakaa, zikalowekwa, zikapondwa kuwa uji, uji ukachotwa kwa wavu wa nyaya. Ukiinua karatasi kwenye dirisha utaona alama za nyaya hizo, mistari myembamba iliyobanana na mingine iliyoachana, karibu kama mtande na mshindio. Kwa hiyo sanda ile ya kitani imechapwa juu ya kitani. Huenda kuna mwanamke aliyelivaa tambara lile kabla halijawa mwili wa Bwana. Sasa mtu aniambie nichukue mkasi.

Mnielewe, Mhariri. Pambizo si uchafu wa pembeni. Pale bamba lilipokandamiza karatasi hubaki bonde dogo kuzunguka picha, unaligusa kwa kidole. Bonde hilo linaonyesha bamba liliishia wapi. Chapa nyingi za karne ya 16 na ya 17 zimetufikia zimekatwa, kwa sababu wenye kuzikusanya zamani walizibandika kwenye vitabu. Kwa hiyo yenye pambizo hata la milimita mbili wauzaji huitaja kwa fahari, na bei hupanda. Anayekata leo anajiibia mwenyewe.

Mkasi umeshafanya mabaya makubwa zaidi. Rembrandt, ambaye mabamba yake mengi aliyachora kwa kuyalisha asidi badala ya kuyachonga tu, alifanya kati ya mwaka 1640 na 1650 bamba la Kristo akiponya wagonjwa na kuwapokea watoto, lile linaloitwa la gulden mia, gulden ikiwa fedha ya zamani ya Uholanzi. Katika karne iliyofuata likaangukia mikononi mwa kapteni mmoja wa Ireland, William Baillie. Alilichonga upya palipofifia, akachapa karatasi zake, kisha akalikata vipande vinne na kuvichapa kimoja kimoja. Wagonjwa wakatenganishwa na aliyekuwa anawaponya.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike kwa moyo huu. Mwaka 1566 katika nchi hizi watu waliingia makanisani na kuvunja sanamu na michoro ya altare. Baadaye Wakatoliki wa Uholanzi, wakinyimwa ibada ya hadharani, walisali vyumbani na darini. Moja ya makanisa hayo ya darini lingalipo Amsterdam. Ubao wa altare huwezi kuuficha kati ya mashuka. Karatasi unaiweka ndani ya Biblia, unafunga. Nikishika chapa ndogo iliyokunjwa mara mbili na kukunjuliwa tena, siihesabu ile alama ya mkunjo kuwa hasara. Wauzaji huipunguzia bei, nami huwa nashukuru.

Kuhusu fremu niseme kwa ufupi, kwa kuwa nimeumia. Chapa yangu ya kwanza niliipeleka kwa mtengeneza fremu, sitamtaja. Aliibandika kwa selotepu kwenye kadibodi ya kawaida. Baada ya miaka minne nilipoifungua, gundi ilikuwa imepenya hadi mbele, madoa ya rangi ya chai manne, na kadibodi imechoma mstari wa kahawia kuzunguka picha. Hautoki. Tangu hapo nadai kadibodi isiyo na asidi, karatasi ishikwe juu tu kwa vipande vyembamba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano inayotoka kwa maji, na fremu isitundikwe panapoingia jua. Zangu nyingi hazitundikwi kabisa. Zinalala kwenye sanduku, nazitoa kuzitazama.

Najua msomaji anayetaka tu picha nzuri ya Mamajusi ukutani hana haja ya taabu hii, wala simlaumu. Njia ipo, na ni ya bure. Rijksmuseum la Amsterdam, jumba la makumbusho la taifa, limeweka mtandaoni picha za chapa zake kwa maelfu, Goltzius na Lucas van Leyden wamo, na linaruhusu mtu yeyote kuzipakua na kuzitumia. Chagua, pakua, peleka kwa mchapaji, mwambie ukubwa wa fremu yako. Hiyo sasa ndiyo nakala. Hiyo ikateni mtakavyo.

Wako,
Fundi cherehani,
Haarlem, Uholanzi