Marashi ya Dameski na waridi la Naivasha

Mhariri,

Makala yenu ya Valentino ilidai kwamba waridi ni ua la Kizungu, tulilolijua kwa kadi za mapenzi na mashamba ya Naivasha. Mashamba hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwandishi wenu amekosea kwa zaidi ya karne sita.

Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipelekwa na kadhi hadi kwa sultani. Kabla hajaonana naye, mtumishi alitoka na sahani ya tambuu na popoo, kisha akaleta marashi ya mawaridi ya Dameski akawamwagia yeye na kadhi. Hivyo ndivyo mgeni alivyopokewa. Nendeni leo kwenye maulidi Lamu au harusi hapa Mombasa, mtaona mrashi wa fedha wenye shingo ndefu ukizungushwa na watu wakikinga viganja. Waridi hilo hilo la Dameski ndilo linalolimwa Jebel Akhdar, Oman. Huchumwa alfajiri kati ya Machi na Mei, jua lisije likafukuza harufu, na petali hupikwa katika vyungu vya udongo hadi mvuke ugeuke maji. Halua ya Oman bila maji hayo haijakamilika.

La Naivasha ni ukoo mwingine, na hata huo si wa Kizungu mtupu. Mawaridi mengi ya zamani ya Ulaya yalichanua mara moja tu kwa mwaka. Yale yanayochanua tena na tena yaliletwa kutoka China, hasa mwishoni mwa karne ya 18, yakachanganywa na ya Ulaya. Mwaka 1867 mkulima Guillot wa Lyon akatoa 'La France', ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika kizazi cha mawaridi ya kisasa.

Kilichopotea njiani ni harufu. Mkulima wa ua la kukata anatafuta shina refu lililonyooka na ua litakalovumilia chumba baridi, ndege na mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi. Hapo ua halipimwi kwa pua. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho NUDX1 hufanya kazi kwa nguvu katika mawaridi yanayonukia, na katika yasiyonukia ni kama kimelala.

Ndiyo maana mama zetu wanaotunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kujipamba, hawana haja na mashada ya barabarani. Wao wanataka asumini, mrehani, mkadi, na petali za waridi la uani, dogo, legevu, ambalo kesho halitafaa. Halafu? Kikuba ni cha usiku mmoja.

Mlitupa pia orodha ya rangi: jekundu mapenzi, jeupe usafi, la njano wivu. Orodha za namna hiyo zilivuma Uingereza enzi za Malkia Victoria, vitabu vya lugha ya maua vilipokuwa vikinunuliwa sana. Anayependa azifuate. Ila msiziandike kana kwamba ndizo maana pekee, ilhali mnawauzia gazeti watu wa Pwani, ambao ua kwao huthaminiwa kwanza kwa kunukia.

Februari ijayo mtumeni mwandishi Mji wa Kale awahoji watungaji vikuba. Wapo, na sijaona gazeti likiwauliza neno.

Msomaji wenu,
Mombasa