Nyuma ya picha wameandika "sisi wanne"

Rafiki yangu,

Mambo vipi? Pole kwa kimya, meseji yako niliiona siku ileile nikasema hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili, ngoja nitulie nikuandikie vizuri. Unasema unataka kuanza kutafuta habari za ukoo wenu na unaniuliza pa kuanzia. Nitakwambia, ila kwanza nikusimulie yaliyotukuta sisi, maana toka mwezi uliopita hapa nyumbani hatuongei kitu kingine.

Unaikumbuka ile picha ya bibi, anayoiweka katikati ya kitabu isije ikapinda? Baba yake amekaa, mama yake amesimama, alafu katikati kuna kabinti juu ya kigoda, viatu vya mkanda, mguu mmoja kaulaza upande kama vile kiatu kinambana. Maisha yote bibi anasema huyo ni mimi. Sasa nilikuwa naiskani, nikaigeuza nione kama kuna jina la studio, nikakuta maandishi ya penseli yamefifia karibu kufutika, "sisi wanne". Nikarudi mbele nikahesabu, watatu.

Nikajipa jibu la haraka kwamba wa nne ndo aliyepiga picha, nikaendelea na mambo yangu. Wiki mbili baadaye nikapata kopi ya rejista ya vizazi na hapo ndo usingizi ukakata. Jina la bibi lipo mara mbili. Wazazi walewale, jina lilelile, tarehe zinapishana miaka mitatu kamili. Nikadhani karani kakosea, mpaka nilipopata rejista ya vifo nikamkuta yule wa kwanza, alifariki ana miaka miwili na miezi minane, na bibi kazaliwa miezi minne baada ya msiba. Zamani sehemu nyingi ilikuwa hivo, mtoto akifariki anayefuata anapewa jina lake, ndo maana wengi wanaotafuta ukoo wanachukua tarehe za marehemu wanampa mdogo wake bila kujua.

Sasa hebu fikiria na ile picha. Kama yule kabinti ni dada mkubwa, basi wa nne ni bibi, alikuwa tumboni. Na kama yule kabinti ni bibi kweli, basi wa nne ni yule aliyetangulia, wazazi bado walikuwa wanamhesabu. Zote mbili zinaingia na mimi mpaka leo sijui ni ipi, picha haina tarehe.

Nilikaa na zile karatasi siku tatu kabla ya kumwonyesha bibi. Hakulia. Aliomba miwani, akaisogeza picha karibu kabisa na uso, akawa haangalii sura, anaangalia viatu. Akasema hivi viatu navikumbuka, vilikaa kwenye sanduku la mama miaka na miaka na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Nikamuuliza vilikuwa vyako? Akakaa kimya muda mrefu alafu akasema, nilikuwa najua ni vyangu.

Yani hapo nilitamani nisingegeuza ile picha. Lakini kesho yake yeye mwenyewe ndo akaniambia endelea kutafuta.

Tukafanya na kipimo cha DNA, kile cha mate. Kwenye swali la picha hakikusaidia chochote, ila kikaleta jingine. Katokea mama mmoja hatujawahi hata kumsikia, wamefanana na bibi sentimogani 1,700 na ushee, ndo kipimo wanachopimia DNA ambayo watu wawili wanachangia, sawa na robo hivi ya DNA yote. Na robo ndo inachanganya watu, kwa sababu bibi na mjukuu wake ni robo, shangazi na mtoto wa kaka yake ni robo, na ndugu waliochangia mzazi mmoja nao ni robo. Huyu mama kapishana na bibi miaka miwili tu kwa hiyo ya kwanza ikatoka. Ile DNA ambayo mtoto anaipata kwa mama peke yake haikufanana, kwa hiyo mama zao ni tofauti. Lakini kuna kromosomu X, kifurushi cha DNA ambacho mwanamke anavyo viwili, kimoja cha mama kimoja cha baba. X yao moja inafanana nzima nzima toka mwanzo hadi mwisho, na baba anayo X moja tu ya kumpa binti, anaipitisha karibu vilevile ilivyo kwa kila binti yake. Wamechangia baba. Bibi anamkumbuka baba yake kama mtu aliyekuwa anarudi nyumbani kabla giza halijaingia, kila siku. Sasa ilikuwaje? Kipimo kinakupa ndugu ila hakikupi simulizi.

Na haya yapo hata kwa wafalme. Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa vitani 1485, mifupa yake ikapatikana 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Upande wa mama DNA ikalingana na wazao wa dada yake walio hai, upande wa wanaume ikagoma, maana yake mahali fulani kwenye mnyororo kuna baba aliyeandikwa ambaye hakuwa baba. Ni kizazi kipi, hakuna anayejua. Na kuna majibu yameungua kabisa, karibu sensa yote ya Marekani ya 1890 ilipotea baada ya moto wa 1921, na mwaka uliofuata ofisi ya kumbukumbu Dublin ikateketea vitani na karatasi za mamia ya miaka.

Kwa hiyo wewe anza na wazee, leo sio mwezi ujao, warekodi kwa simu na usiwakatize wakitoka nje ya swali, huko nje ndo kuna mali. Picha zote piga mbele na nyuma. Jina likijirudia usilifute. Na DNA, kaa kwanza na ndugu zako muongee, kwa sababu majibu yako ni majibu yao pia na wengine hawakuomba. Alafu binamu wa mbali asipoonekana kwenye majibu usimkane, binamu wa tatu, yani nyie ni vitukuu wa ndugu wawili, karibu mmoja kati ya kumi hamuonyeshi kufanana hata kidogo na ni ndugu halali. Pale usipojua andika sijui. Kwenye mti wetu mimi nimeandika hivo chini ya ile picha.

Yule mama amekubali kuongea na bibi Jumamosi. Bibi ameshaniuliza mara nne leo ni siku gani. Nilidhani atataka kujua baba yao alikutana wapi na mama wa huyu mwenzake, huyo mama alikuwa nani, yale ambayo sisi wote tunataka kujua. Hapana, anasema ana swali moja tu, kama baba aliwahi kuwatajia kule kwao kwamba alikuwa na binti mwingine, yule wa kwanza.

Nitakuandikia Jumapili.

Wako