Menaja anataka niandike bibi ana fujo, nisaini?

Shangazi shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko London nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee majumbani kwao, na viza yangu imepitia kwa hii hii ajensi iliyoniajiri. Naomba ushauri wako, na wenzangu mlioko ughaibuni kwenye kazi hii pia mchangie manake hili jambo linaninyima usingizi.

Nina bibi mmoja huko Golders Green, Myahudi mzaliwa wa Hungaria, anakaribia miaka 95, kumbukumbu zinampotea na siku hizi hata Kiingereza kinamtoka anarudi kwa Kihungaria cha utotoni. Mwaka 1944 Wayahudi wa kwao walipojazwa kwenye treni kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, alikuwa msichana mdogo tu, na wasiouawa siku ya kufika walivuliwa nguo mbele ya askari, wakanyolewa vichwa, wakasukumwa bafuni. Sasa huyu bibi ukimwambia twende ukaoge ukafungua shawa, akisikia tu yale maji anatetemeka, anapiga kelele, mara nyingine anauma. Mwenyewe hajawahi kulitamka, bintiye anayekaa Manchester ndiye alonieleza.

Mimi naye tushapata njia yetu. Beseni, maji ya vuguvugu, taulo kubwa nimemfunika, naosha mkono naufunika ndo naenda mguu, mlango nauacha wazi aone sebuleni kwake. Ni stara tu Shangazi, ndivyo tulivyokuwa tukimuosha nyanya yetu Mji wa Kale. Lakini ajensi imenipa nusu saa, humo humo nimuoshe, nimvalishe, nimpe chai na dawa, nikipitisha silipwi. Kwa beseni haiwezekani.

Siku zangu za ofu wanaletwa wengine, kila mara sura mpya na hawaelezwi kitu. Mmoja alikuta vipande vya mkate chini ya mto akavitupa, bibi akavitafuta usiku kucha huku analia. Mtu aliyeonja njaa ile anaficha mkate, hili nalo mpaka ufunzwe? Mwengine kachemsha maziwa kwenye sufuria ya nyama, na jikoni ya kosher, yaani ya sheria ya chakula ya Kiyahudi, vyombo vya nyama na vya maziwa havichanganywi, pale kwake hata sinki ni mbili (mimi nilokulia kwenye halali sikuhitaji kuambiwa mara mbili). Ijumaa ndo kabisaa, ratiba imeandikwa saa kumi na moja jioni mwaka mzima, na Desemba huku jua linazama kabla hata ya saa kumi, kwa hiyo nikifika Sabato ishaingia na moto hauwashwi tena, mishumaa hajawasha, chakula hakijawekwa kwenye hotipleti. Binti amelalamika ofisini wee, jibu ni kompyuta ndo inapanga.

Sasa kilichonifanya niandike. Afisa ustawi wa jamii wa kaunsili anakuja kukagua upya mahitaji ya bibi, na menaja kaniita akataka niandike kwenye ripoti kwamba bibi ana fujo na anakataa huduma. Naona wanataka kumsukumia kwenye makao ya wazee, ambako ataogeshwa shawa na watu asiowajua. Nikamuuliza, si niandike anaoga vizuri tu kwa beseni ila anahitaji saa nzima? Akacheka, akanambia kumbuka viza yako kaishika nani. Na ni kweli, wakinifutia udhamini Home Office, wizara ya huku inayoshika mambo ya viza, inakupa siku 60 upate mwajiri mwengine au ufunge virago, na nyumbani watoto wanangoja karo.

Najua wako CQC wanaokagua hizi ajensi na wanapokea malalamiko hata bila jina, lakini habari za beseni nani atazitoa kama si mimi? Watanijua siku hiyo hiyo. Dadangu ananambia saini, bibi wa watu ana wanawe. Mimi kuandika uongo ule siwezi, hilo nishaamua, ninachouliza ni njia. Nimwambie binti mapema ili yeye ndo adai saa nzima mbele ya afisa na jina langu lisitajwe, au niandike ukweli wangu niweke na kopi, nianze kutafuta ajensi nyengine kabla hawajanifikia? Ripoti inatakiwa Jumatatu.

Msomaji wako, London